Nisome Chakula au Nisome Lishe?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza sekondari. Kemia na biolojia nimefaulu vizuri, fizikia nimepita kwa shida. Nataka kusomea sayansi ya chakula na lishe, lakini nyumbani wanasema ni kozi ya upishi na kwamba nitamaliza nikose kazi. Bibi yangu ana kisukari, na kumsaidia kupanga mlo wake ndiko kulikonivuta huku. Lakini nikisema kweli, shuleni nilichokipenda kuliko vyote ni maabara. Shahada hii inafundisha nini hasa, inampeleka mtu kwenye kazi zipi, na mimi niegemee wapi: kwenye chakula au kwenye lishe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nilianzia kiwandani kabla ya kuingia darasani kufundisha, na swali hili huletwa kwangu mara nyingi na wanafunzi ambao tayari wako mwaka wa tatu, wakati kubadili njia kumeshakuwa kugumu. Wewe umeuliza kabla ya kujaza fomu, na hilo litakusaidia kuliko unavyodhani.

Jibu la mkato ni hili: usiache jina la kozi likuamulie. Chini ya jina "sayansi ya chakula na lishe" kuna fani mbili zinazosomwa pamoja mwanzoni kisha zikaachana. Moja kati ya hizo, ile ya kuwahudumia wagonjwa, katika nchi nyingi haifanywi bila usajili wa kitaaluma. Kwa hiyo jambo la kwanza kulijua kuhusu kozi yoyote unayoiomba ni kama inakufikisha kwenye usajili huo au la. Mengine karibu yote yanarekebishika baadaye. Hilo likikupita, kulirekebisha ni kurudi chuoni upya.

Sasa hoja ya upishi, maana inawakatisha tamaa vijana wengi bure. Mpishi hodari anahakikisha chakula kinapendeza kinapofika mezani. Mwanasayansi wa chakula anaulizwa jambo jingine: chakula hiki kikifungwa leo kwenye kopo, kikasafirishwa, kikakaa ghalani mwaka mzima na zaidi, kisha mtu asiyejua lolote kuhusu kilikotoka akakifungua na kumlisha mtoto, je, mtoto huyo atakuwa salama? Ili ujibu "ndiyo" unahitaji kujua kwamba kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye hujifungia ndani ya spora ngumu isiyokufa kwa maji yanayochemka. Mahali pasipo na oksijeni, kama ndani ya kopo, spora hiyo inaweza kuota na bakteria akatengeneza sumu iliyo miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Ndiyo maana vyakula vya kopo vyenye asidi kidogo hupikwa kwa mvuke wa shinikizo, mpaka ile sehemu ya kopo inayochelewa zaidi kupata moto iwe imepata walau joto linalolingana na dakika 3 kwenye nyuzi 121 za Selsiasi. Chakula chenye asidi ya kutosha, ambacho pH yake (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ni 4.6 au chini ya hapo, hakihitaji moto wote huo, kwa sababu humo spora hizo haziwezi kuota. Namba hiyo moja inaamua kiwanda kinunue mtambo wa aina gani na kiweke kumbukumbu zipi.

Mfaransa Nicolas Appert aliwahi kuhifadhi vyakula kwa kuvifunga kwenye chupa na kuzichemsha, na mwaka 1810 serikali yake ikamzawadia faranga 12,000. Njia ilifanya kazi, lakini hakujua kwa nini. Ilibidi kusubiri nusu karne hivi mpaka Louis Pasteur aeleze habari ya vijidudu. Hiyo "kwa nini" ndiyo utakayokaa darasani miaka yote ukiisoma, na ndiyo unayoweza kuwaeleza hao wa nyumbani.

Kuhusu fani mbili nilizozitaja, mfano mzuri wa jinsi zinavyoshikana ni ugonjwa wa beriberi. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku wa maabara wakipooza miguu kwa ugonjwa uliofanana na beriberi ya binadamu. Kuku hao walikuwa wakilishwa mchele uliokobolewa hadi ukawa mweupe, na waliporudishiwa usiokobolewa walipona. Eijkman alidhani wanga wa mchele una sumu na pumba ina dawa yake. Ni Gerrit Grijns, aliyeiendeleza kazi ile, ambaye mwaka 1901 alieleza kwamba hapakuwa na sumu yoyote. Kulikuwa na upungufu wa kitu kilichoondolewa pamoja na pumba, kitu ambacho leo tunakiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel, akigawana na Mwingereza Frederick Hopkins.

Jiulize kwa nini watu walikoboa mchele namna ile. Pumba ina mafuta, na mafuta hayo huharibika yakikaa, mchele ukapata harufu na ladha mbaya. Ukiiondoa, mchele unakaa ghalani muda mrefu zaidi. Mwanasayansi wa chakula akiutazama mchele mweupe anaona bidhaa inayodumu. Mtaalamu wa lishe anaona vitamini iliyopotea. Wote wawili wako sahihi, na kila mmoja akifanya kazi bila kumsikiliza mwenzake, mlaji ndiye anayeumia. Naamini kwa dhati kwamba kijana anayesoma pande zote mbili, hata kama ataajiriwa upande mmoja, anakuwa mtaalamu bora kuliko aliyefungiwa upande mmoja tangu siku ya kwanza.

Darasani utaanza na kemia ya jumla, kemia ogani, biolojia na hisabati. Halafu inakuja biokemia, na hapo ndipo wengi hukwama. Ukipenda kujua protini inavyojikunja na joto linavyoikunjua, vimeng'enya vinavyofanya kazi, mwili unavyoivunja sukari hatua kwa hatua, utaifurahia kozi hii. Ukiiona biokemia ni mzigo wa kukariri, pande zote mbili zitakuchosha. Mikrobiolojia nayo haiepukiki. Baada ya hapo njia zinaachana. Upande wa chakula unasoma kemia ya chakula, uhandisi wa usindikaji, ufungashaji, tathmini ya ladha na sheria za vyakula. Upande wa lishe unasoma fiziolojia ya binadamu, mahitaji ya mwili katika umri tofauti, lishe ya wagonjwa, ushauri nasaha na lishe ya jamii. Takwimu zinasomwa na wote, na wanafunzi wengi huzidharau. Usiwe mmoja wao. Bila takwimu huwezi kusema kama dawa mpya ya kuhifadhi imefanya kazi, wala kama watoto wa wilaya fulani kweli wameongezeka uzito.

Fizikia uliyopita kwa shida utakutana nayo upande wa chakula, katika uhandisi: joto linavyosafiri, vimiminika vinavyotiririka, majokofu yanavyofanya kazi. Kopo la supu nyepesi na kopo la nyama iliyosagwa, yenye ujazo sawa na ndani ya mvuke uleule, hayapati moto kwa kasi moja. Supu inajizungusha yenyewe ndani ya kopo na kubeba joto. Nyama haisogei, kwa hiyo joto linapenya polepole kutoka ukutani kwenda katikati. Ukiielewa picha hiyo, hesabu zake zinafundishika, na nimeona wanafunzi waliokimbia fizikia shuleni wakiipenda walipoikuta ndani ya kopo. Soma kabla ya kuanza chuo sura za joto na za vimiminika. Hizo nyingine zinaweza kusubiri.

Nije kwenye kazi. Upande wa chakula, ajira ya kwanza ya wahitimu wengi ni idara ya ubora kiwandani. Huko unavaa buti na kofia ya nywele, unafanya zamu hata za usiku, unapima joto, asidi na unyevu, unachukua sampuli za mashine baada ya kusafishwa, na unaandika kila kitu. Mfumo unaoongoza kazi hiyo unaitwa HACCP, yaani kuchambua hatari na kudhibiti hatua zilizo muhimu. Ulianzia Marekani miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury ilipokuwa ikitengeneza chakula cha wanaanga kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la nchi hiyo. Waligundua kwamba kupima bidhaa iliyokwisha kutengenezwa hakutoshi, kwani ili uwe na uhakika kamili ungelazimika kuifungua yote na kuipima yote, usibaki na cha kumpa mwanaanga. Wakageuza fikra: tafuta kila hatua ambapo hatari inaweza kuingia, amua hatua zipi lazima zidhibitiwe, weka kikomo, pima, andika, na ujue mapema utafanya nini kikomo kikivukwa. Leo mfumo huo umo katika kanuni za Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoanzishwa mwaka 1963 chini ya FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa, la chakula na kilimo na la afya), na viwanda vinavyouza nje ya nchi zao haviwezi kuukwepa.

Nataka uelewe uzito wa kazi hiyo kwa sababu matangazo ya vyuo huipita haraka. Makadirio ya WHO yaliyotolewa mwaka 2015 yanasema watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufariki. Siku moja utakuwa kijana wa mwaka wa kwanza kazini, kipimajoto kitaonyesha kwamba maziwa yaliyotakiwa kukaa nyuzi 72 kwa sekunde 15 hayakufika, meneja wa uzalishaji atakuwa na oda inayosubiri lori, na wewe ndiye unayetakiwa kusema mzigo huu hautoki. Shahada inakupa hoja, lakini ujasiri wa kusimama nayo utaujenga mwenyewe. Wanaoupata hupanda haraka, kwani kiwanda chenye akili kinajua thamani ya mtu ambaye hasaini asichokiamini.

Kutoka hapo njia ni nyingi. Wapo wanaohamia kwenye ubunifu wa bidhaa, ambako unaweza kutumia miezi mingi kwenye kinywaji kimoja. Wapo wa tathmini ya ladha, fani nzuri ambayo vijana hawaisikii: mwonjaji hupewa vikombe vitatu vyenye namba za bahati nasibu, viwili vina kitu kimoja na kimoja ni tofauti, pengine chini ya taa nyekundu ili rangi isimdanganye. Kwa kubahatisha tu angepata mara moja katika tatu, kwa hiyo takwimu ndizo zinazosema kama tofauti ipo kweli. Wapo wakaguzi wa serikali, wakaguzi huru wanaotoa vyeti vya mifumo kama ISO 22000 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula), waandaaji wa lebo wanaohakikisha vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio, havifichwi, na watu wa maabara za sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Sumu hiyo ilianza kufahamika baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa lishe iliyokuwa na karanga zenye ukungu. Umesema unapenda maabara. Kupima sumukuvu kwenye nafaka kabla haijafika kwa mlaji ni kazi ya maabara inayookoa maini ya watu ambao hawatakujua kamwe.

Upande wa lishe, hospitali ndiyo inayojulikana zaidi. Watu hudhani kazi ni kumwambia mgonjwa apunguze chumvi. Mgonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine mara nyingi hupunguziwa protini. Akianza kusafishwa, mahitaji yake ya protini yanapanda, huku potasiamu na fosforasi vikiendelea kuchungwa. Ushauri uliomfaa mwaka jana unaweza kumdhuru mwaka huu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anapoletwa wodini, huruma inakutuma umshibishe mara moja, lakini mwili wake hauwezi kuhimili, na kumlisha kwa pupa kunaweza kumuua. Ndiyo maana anaanza na maziwa ya tiba yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo na mara nyingi, na anapotulia ndipo anahamishiwa F-100. Mtu anayefanya maamuzi ya namna hii lazima awe amefundishwa wodini chini ya usimamizi. Sioni ubaya wowote katika nchi kudai usajili.

Na hapa ndipo penye tahadhari yangu kubwa. Sheria hutofautiana. Uingereza, jina la mtaalamu wa lishe tiba linalindwa kisheria na huwezi kulitumia bila kusajiliwa, ilhali mtu yeyote anaweza kujiita mshauri wa lishe kwa jina la jumla. Marekani, kuanzia Januari 2024, anayetaka kufanya mtihani wa usajili wa lishe tiba lazima awe na shahada ya uzamili. Kozi ya mchanganyiko wa chakula na lishe inaweza kuwa nzuri sana na bado isiwe na saa za mafunzo ya hospitalini zinazohitajika. Muulize mkuu wa idara waziwazi: wahitimu wenu wanasajiliwa na baraza gani, kwa cheo gani, na bila kusoma nyongeza gani? Akijibu kwa kuzunguka, chukulia kwamba hawasajiliwi.

Lishe ya jamii ni ulimwengu mwingine, na kwa maoni yangu ndiko mtu mmoja anakoweza kuwafikia wengi zaidi. Miaka ya 1920 Uswisi na Marekani zilianza kutia madini joto kwenye chumvi, na tezi la shingo lililokuwa limezoeleka katika maeneo fulani likapungua sana. Mwaka 1991 utafiti uliosimamiwa na Uingereza ulithibitisha kwamba asidi ya foliki ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake hupunguza sana watoto kuzaliwa na mgongo wazi, na kuanzia 1998 Marekani ikalazimisha iongezwe kwenye unga wa nafaka uliorutubishwa. Wataalamu wa lishe walijua kiasi kinachohitajika. Lakini kuhakikisha kwamba kila mfuko wa unga umepata chembe hizo kwa usawa, na kwamba hazipotei ghalani, ilikuwa kazi ya watu wa chakula. Mashirika ya misaada, wizara za afya na vyuo vya utafiti huajiri watu wanaoweza kuzungumza lugha zote mbili.

Sasa niseme kuhusu wewe. Upendo wako kwa bibi ni sababu nzuri ya kuingia mlangoni, lakini haukuambii kama utafurahia kukaa kila siku na wagonjwa ishirini usiowajua, wengine wakiwa wamechoka kuambiwa wale nini, na kurudia mazungumzo yaleyale kwa upole mwezi baada ya mwezi. Hiyo ni karama. Wenye nayo ni hazina, na asiye nayo huchoka mapema. Kuna namna rahisi ya kujipima: msindikize bibi kliniki, omba aonane na mtaalamu wa lishe, kaa pembeni usikilize. (Na mlo wake usiubadilishe sana bila wao kujua, hasa kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, maana chakula na dawa vimepangwa pamoja.) Ukitoka pale ukitamani ungekuwa wewe kwenye kile kiti, fuata lishe tiba, na utafute kozi yenye usajili hata kama chuo hakina jina kubwa.

Ukitoka ukiwaza zaidi kuhusu kilichomo kwenye vyakula vyenyewe, egemea upande wa chakula, na mimi kwa maelezo uliyonipa nadhani huko ndiko utakakostawi. Hutakuwa umemwacha bibi. Chukua jamu ya wenye kisukari. Unadhani ni kuondoa sukari na kuweka kitu kingine kitamu. Jaribu maabara uone: jamu inakuwa majimaji, kwa sababu sukari ilikuwa ikisaidia pektini, kile kitu cha matunda kinachoigandisha jamu, kushikamana. Baada ya siku chache inaota ukungu, kwa sababu sukari ilikuwa imeyashika maji ambayo vijidudu sasa vinayapata bure. Rangi imebadilika, ujazo umepungua, na ladha tamu inabaki kinywani muda mrefu kupita ilivyotakiwa. Kila tatizo lina jibu lake katika kemia, na kila jibu linaleta tatizo jipya. Mtu anayelifurahia fumbo la namna hiyo anaweza kuwasaidia wenye kisukari wengi akiwa amevaa koti la maabara. Nakushauri tu uchague kozi iliyotilia nguvu biokemia na yenye masomo kadhaa ya lishe, ili usije ukatengeneza bidhaa inayouzika na isiyomfaa mlaji.

Kuhusu kukosa kazi, hofu ya nyumbani ina msingi kwa mhitimu mwenye cheti peke yake. Anayeajiriwa kwanza ni yule aliyekwisha kushika vifaa. Kwa hiyo ukilinganisha vyuo, usitazame majengo. Uliza maabara ya mikrobiolojia mwanafunzi anaiingia mara ngapi kwa wiki, kama kuna kiwanda kidogo cha mafunzo, na mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani. Wakati wa mafunzo hayo ukipewa kuchagua kati ya ofisi ya makao makuu na sakafu ya kiwanda, nenda sakafuni, na uwaombe wakuruhusu kushiriki ukaguzi wa HACCP tangu kikao cha kwanza hadi ripoti. Chukua pia cheti kifupi cha usalama wa chakula likizo yoyote ikiruhusu. Shahada ya uzamili usiikimbilie mara moja, isipokuwa kama umechagua njia ya usajili inayoidai au unataka utafiti. Fanya kazi kwanza, ujue ni swali gani unataka kulisomea. Na barua za kuomba nafasi za mafunzo zitume mapema, muhula mmoja kabla, kwa sababu idara za ubora huchukua wanafunzi wachache na nafasi zake hujaa upesi.